Kobe Aliyekataa Bakuli Langu

Sogolu, njia ya Bandiagara
9 Novemba

Mpendwa mwanangu Atime,

Habari za Abidjan? Habari za mwili, za kazi, za mkeo, za usingizi? Sisi wazima, ila goti langu, lile nililomkandamizia mamba wa kijiji cha Amani, linauma kukiwa na baridi.

Vitunguu vimestawi. Vyangu mwaka huu, kimoja kikimwangukia mtu kichwani, tunachimba kaburi.

Sasa habari ya kobe. Unajua kobe wa kaka yangu, baba yako, alimfuata kaburini siku ya tatu baada ya maziko. Nyumba yetu haikai bila kobe. Mkuu wa nyumba akiwa hayupo, nani ataonja tonge la kwanza ili watu wale? Nikaleta wawili kutoka sokoni, mkubwa kama kigoda na mwingine mdogo. Kupe walijaa shingoni na kwapani, na kinyesi chao kilikuwa minyoo mitupu.

Shangazi yako Yakundu akasema, "Antimbe, mwite daktari wa mifugo."

Nikamwambia, "Nimetibu mbuzi mia mbili. Kobe ni mbuzi aliyevaa nyumba."

"Haya, bingwa."

Nikamdunga yule mkubwa sindano ya mbuzi. Kesho yake shingo ikalegea. Siku iliyofuata akafa. Daktari alipokuja alisema dawa ile kwa kobe ni sumu. Kijijini nimesema alikufa kwa uzee. Wewe nakuambia kweli.

Mdogo tulimtibu kwa maelekezo. Kupe tuliwang'oa kwa kibano mmoja mmoja, vidonda tukavipaka dawa, akaogeshwa maji ya vuguvugu. Dawa ya minyoo alipewa kwa kipimo cha uzito wake, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Sasa yuko safi na anakula majani vizuri.

Lakini tangu afe mwenzake, kila alfajiri huenda mlangoni kwa baba yako, akakwaruza mbao kwa gamba. Kwaru, kwaru. Ndivyo kaka alivyokwaruza fimbo yake akiniamsha twende shamba. Mara mbili nimetoka na jembe begani kabla sijakumbuka.

Tena, nikienda sokoni, wakimwekea tonge kwenye bakuli langu anageuza kichwa. Jumapili nilirudi jioni nikakuta watu hawajala, ugali umekauka. Ndipo Yakundu akachukua kibuyu chako cha utotoni, kile chenye ufa ulioshonwa, akaweka tonge humo. Kobe akala lote, akalamba.



Miezi minane nimekalia kigoda cha baba yako nikijiita mkuu wa nyumba. Kobe huonja kwa niaba ya mkuu asiyekuwepo. Mwanangu, asiyekuwepo ni wewe.

Leo alfajiri nimemfungulia mlango. Aliingia, akalala juu ya viatu vya kaka. Mimi nimekiacha kigoda, nimehamia mkekani.

Msalimie mkeo na mjukuu wangu Domo. Yakundu anakusalimu, na mama yako anauliza basi hufika siku gani. Mungu wetu Amma akufungulie njia, akulete ukiwa na miguu yako yote miwili.

Ni mimi nikupendaye, baba yako mdogo,
Antimbe Guindo