Mizunguko Ishirini, Yaya Paluku

Yaya Paluku,

Nakuita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa hapa Butembo, kwa sababu leo hatuko uwanjani. Uwanjani ulinikataza. Siku ya kwanza ulipokabidhiwa timu nilikuita hivyo mbele ya wenzangu, ukapuliza filimbi na kunionyesha kona ya mbali. "Yaya yako iko ku nyumba, anakula bugali. Hapa niko kocha. Enda, kimbia tour moja." Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikimbia mzunguko huo nikiwa nimenuna. Mchana ule, mezani kwa Mama, ulinisogezea kipande kikubwa cha nyama kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hii ni mara ya tano naianza barua hii. Nne nimezichana. Nakaa, nasimama, naenda mlangoni kutazama mvua, narudi. Mama ameniuliza kama tumbo linaniuma. Nimemwambia ndiyo, maana ni rahisi kuliko kueleza.

Unakumbuka sheria zako? Mimi nazikumbuka zote, na nyingine nimeziiba. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala kwenye nyasi, filimbi inalia. Aliyefika baada ya hapo hachezi mechi inayofuata, na anazunguka uwanja mara tano akigusa kwa mkono kila kijiti cha kona. Akiruka kijiti kimoja, mzunguko huo hauhesabiwi. Lakini kabla ya adhabu uliuliza, "Juu ya nini?" halafu ukasikiliza hadi mwisho, mikono mgongoni, kama ulivyokuwa ukitusikiliza darasani ulipokuwa mwalimu wetu. Na sababu ikiwa ya kweli, kama siku ile nilipompeleka Mama hospitali, adhabu ilibaki palepale, ila wewe ulivua koti lako ukakimbia pamoja na mwenye kosa. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nilidhani unapenda tu kukimbia.

Halafu vita ikatuletea yule komanda aliyependa mpira. Alikuja mazoezini na kiti chake cha plastiki na askari wake wanne, na komite ya timu ikamfanya rais wa heshima, maana nani angemkatalia? Alitupa lifti kwenye jeep yake. Alitualika kambini kula nyama. Ndipo ulipoongeza sheria moja, ya kambi ya askari, na hiyo ndiyo iliyotuchoma. "Ku kambi ya basoda, mutu wangu hapana kuingia. Mukisikia njaa mukuye kwetu, Mama atapika. Lakini ku kambi, hapana." Tulisema unamwonea wivu komanda. Mimi nilisema hivyo pia, tena kwa sauti.

Kakule ndiye hakusikia. Mshambuliaji wetu, miguu ya dhahabu, mtoto wa watu aliyezoea kubembelezwa. Siku tano kabla ya mechi ya Beni alifika umande umeshakauka. Ukamuuliza juu ya nini. Akajibu bila kukutazama, "Komanda aliniita." Ukamwonyesha kona. Alikataa kukimbia. Kesho yake ulibandika orodha ya wachezaji kumi na mmoja kwenye mlango wa depo, stoo ya timu, kama kawaida, na jina lake halikuwapo.

Sasa nakuambia usilolijua.

Tulikutana nyuma ya depo, wachezaji wote, tukakalia matofali. Wengine walisema, "Kama Kakule hachezi, shiye bote hapana kucheza." Tukakubaliana tuandike barua ya kukuondoa. Niliiandika mimi, kapiteni, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri, na mwandiko huo ulinifundisha wewe mwenyewe darasa la tatu. Kisha likaja swali la kuipeleka wapi.

"Komite iko nyuma yake," akasema Kakule. "Bataitupa tu. Tuipeleke kwa komanda. Si yeye njo prezida?"

Wote wakanitazama mimi, maana aliyekuwa akiuzwa ni kaka yangu. Yaya, ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na hasira nawe. Misimu miwili sikusikia neno moja jema kutoka kwako, na nilitaka kwa siku moja tu uone kwamba sisi nasi tuna nguvu. Nikasema, "Muniachie, nitaipeleka miye." Nikaenda kambini kwa miguu yangu, nikampa mkononi. Aliisoma akicheka. "Likambo te," akasema kwa Kilingala cha jeshi, hakuna shida. Nilirudi nikipiga mluzi. Nilidhani nimepeleka ugomvi wa mpira kwa mkubwa wa mpira. Bunduki nilizipita mlangoni kama mtu anavyopita mbuzi waliofungwa.

Asubuhi iliyofuata walikuja tukiwa tunanyoosha viungo. Komanda alikaa kwenye kiti chake. Alisema amesikia kocha anapenda sana kukimbiza watu, basi leo kocha atakimbia. Mizunguko ishirini. Akanielekezea fimbo yake. "Weye kapiteni njo utahesabu. Kwa sauti."

Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukavua koti, ukalikunja, ukaliweka juu ya mpira lisilowe. Askari mmoja akapiga kelele kwa Kilingala ukimbie mbio, "Pota mbango!" Ukakimbia.

Uligusa kila kijiti. Hakuna aliyekulazimisha kugusa vijiti, komanda hakuijua hata sheria hiyo. Nilihesabu kwa sauti. Wenzangu walisimama kwenye mstari, Kakule naye, akitazama viatu vyake. Ulipomaliza wa kumi na tano ulikuwa unayumba, na suruali yako imejaa matope magotini. Ulipopita tena mbele yangu nikasema, "Kumi na saba!" Nilitaka kukupunguzia mmoja. Ndicho kitu pekee nilichoweza kukupa asubuhi ile.

Ulisimama. Mbele ya bunduki, yaya, ulisimama ukishika kiuno, ukaniambia bila hasira, "Kumi na sita, kapiteni. Usiruke."

Ukaendelea. Nikahesabu kumi na sita, na nyingine zote, mpaka ishirini.

Walipoondoka ulichukua koti lako. Ulinikabidhi filimbi, ile yenye kamba ya kiatu, ukasema maneno uliyoyasema kila siku: "Kesho saa kumi na mbili. Mutu asichelewe." Siku ile hukula nyumbani. Kesho yake tulifika wote kabla ya wakati, hata Kakule. Tulikungoja mpaka ukungu ukaisha. Wewe peke yako hukuja.

Tulikwenda Beni bila kocha, na tukashinda, mabao mawili, yote ya Kakule. Komanda alicheza dansi pembeni ya uwanja. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyeanzisha wimbo. Mama mwenye nyumba tuliyolala kule Beni aliniambia ulipita kwake siku mbili kabla yetu, ukanywa chai, ukauliza kama kidole cha kipa kimepona, kisha ukashika barabara ya Mavivi kuelekea Kamango. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo chao, nikalia. Msimu uliofuata Kakule alivaa sare ya jeshi. Komanda alipohamishwa alimchukua, na mpaka leo mama yake anauliza kila lori linalofika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulitufungia kambi ile. Nilichelewa.

Miaka mitatu watu wote wanaamini askari walikuja kwa ukorofi wao tu. Wenzangu walionyamaza siku ile wamenyamaza mpaka leo. Kanisani Mama anasimama kila Jumapili kuwaombea waliokutendea mabaya, Mungu awasamehe, kisha tunarudi nyumbani ananipakulia sombe ya majani ya muhogo. Nakula. Hujui inavyokwama.

Na sasa kocha ni mimi. Usicheke. Komite ilinipa timu kwa sababu nilikuwa na filimbi. Msimu wa pili huu, sheria zako zote ziko palepale: saa kumi na mbili, vijiti vya kona, orodha mlangoni. Nilijiona nakulipa fadhila. Wiki iliyopita kipa alichelewa. Nikamwonyesha kona, nikamtoa kwenye orodha, nikageuka. Jumanne kapiteni wangu, Katembo, akaja nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne, wachezaji wote wameitia sahihi.

"Kocha, ni barua ya kukulalamikia," akasema. "Tulisema heri weye njo usome wa kwanza."

Nikaisoma amesimama mbele yangu. Wanasema kipa alishikwa na askari kwenye kizuizi, wakampokonya viatu, akaja pekupeku. Wanasema sikumuuliza. Ni kweli, sikumuuliza. Nilichukua kwako adhabu, nikaacha swali. Na kukimbia pamoja na mwenye kosa, hilo hata halikunijia akilini.

Lakini si hilo linaloninyima raha tangu Jumanne. Ni karatasi yenyewe. Mjini kuna komanda mwingine sasa, naye anapenda mpira, naye ana kiti. Wangeweza kwenda kwake. Wameileta kwangu, mkononi, na woga wao wote. Yetu haikuja kwako. Watoto hawa wana adabu kuliko mimi, yaya, na hawakufundishwa na wewe.

Jana Mama Kavira, jirani anayefuata mchele Kamango, alirudi na habari. Amemwona mwalimu mmoja kule, nywele zimeingia mvi, anafundisha watoto mpira nyuma ya shule. Hakumtambua kwa sura. "Nilimujua juu ya ile miti ya kona," akaniambia. "Batoto bote banagusa." Mama Kavira anaondoka tena Jumamosi, ndiyo maana naandika, ndiyo maana sichani hii ya tano.

Asubuhi nilimsomea Mama mpaka hapa ulipofika. Aliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza alisukuma ungo pembeni. Kisha akasema, "Andika arudi. Weye, tutaongea." Hatujaongea bado. Lakini mchana amenipakulia chakula, nami sijui nikichukulie vipi.

Barua hii ina nakala moja. Ulikimbia mbele ya watu wote, kwa hiyo sitakuomba msamaha uchochoroni. Nakala hiyo nimeibandika kwenye mlango wa depo, pale ulipokuwa ukibandika orodha, kwa mwandiko ule ule wa darasa la tatu. Wachezaji wameisoma. Watu wa komite wameisoma, wawili wamepita bila kunisalimia. Nimekimbia mizunguko mitano na kipa leo asubuhi.

Msimu ukiisha nitakuja Kamango, njia ikikubali. Sitakuita yaya mbele ya watoto wako. Nitaingia uwanjani, utaniuliza juu ya nini, nitakujibu mbele yao, kisha nitaanza kukimbia. Ni ishirini, nazijua. Usivue koti, kocha, hii si sababu nzuri. Wewe simama tu kwenye mstari unihesabie, na ukiniona nayumba, usiruke.

Mdogo wako nyumbani, kapiteni wako uwanjani,
Kambale