Mshale wa Kurudi Nyuma

Kasulu, Jumanne, Novemba 2015. Mvua tangu asubuhi. Nimevaa koti na bado natetemeka.

Mimi nina bahati ya ajabu, fundi yeyote wa mji huu anaijua. Nimeshika spana Dar, nimeshika Bujumbura, na gari nililofunga mimi halijawahi kurudi limevutwa kwa kamba. Shule niliishia la saba, lakini vitabu vya magari vinanipenda.

Ngoja nivieleze, maana leo ndivyo vinavyonitesa. Kipo cha dereva: kinakufundisha kuwasha taa na kupima oili, jambo likiwa zito kinakutuma kwa fundi. Kipo cha vipuri: kila beringi na kila nati imechorwa na kupewa namba, kama picha ya ukoo. Unaona nani yupo na nani kakaa karibu na nani. Namna ya kuishi nao huikuti humo. Hiyo imo kwenye kitabu cha fundi.

Mimi nilikuwa na cha vipuri.

Jana shemeji yangu Yoramu, kaka wa mke wangu, alileta lori lake. Beringi za tairi la mbele zimekwisha, na leo alikuwa abebe mizigo ya wakimbizi wa Burundi wanaohamishiwa kambi ya Nduta. Niliwahurumia wale watu, hela nikakataa. Nikapanga vyuma kama picha inavyoonyesha, nati nikaikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Shemeji, una uhakika?"

"Wewe endesha. Ukisikia kelele, ni wivu wa mafundi wengine."

Leo mchana muuza vipuri kaniazima kitabu cha fundi cha lori lile lile. Nimekifungua kwa majivuno tu. Picha ni ile ile, ila penye nati pana mishale miwili. Wa kwanza unakaza. Wa pili unarudi nyuma. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini mshale hauhitaji shule: ukishakaza, legeza kidogo, tairi lizunguke huru.

Sikulegeza.

Beringi iliyobanwa vile inachemka, inazidi kuchemka, mwisho tairi linakwama ghafla. Na juu ya magunia wamepanda akina mama na watoto wao.

Nikapiga simu. Hapatikani. Nikakaa, na wazo likanijia: akifika salama, si nitakuwa nimejiaibisha bure? Wazo hilo limenitisha kuliko tairi lenyewe.

Nikapiga tena. Akapokea.

"Yoramu, simama. Shusha watu wote. Gusa katikati ya tairi nililolifunga jana."

Nikasikia akishusha watu, kisha: "Shemeji, limeniunguza vidole. Huu nao ni wivu?"

"Usiliondoe lori hapo. Nakuja."

Naandika haya barazani, bodaboda anajaza mafuta. Spana ninayo, kitabu nimekifunga kwenye nailoni. Nitawatazamaje wale akina mama wanaonyeshewa njiani kwa ajili yangu?

Na ile bahati, sina. Magari yangu yanarudi kwa kamba. Huwa sisemi tu.