Gari Lililopiga Magoti

Dada yangu Kabula,

Habari za hapo Maswa? Shemeji mzima? Na huyo kichanga anaendeleaje, ameanza kulala usiku au bado anakukeshesha? Najua ndiye aliyekuzuia kuja, wala hakuna anayekulaumu. Ukiona bahasha utacheka, maana mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa darasa la sita, nikikuomba daftari. Mimi kwa mwili ni mzima. Mayu, mama yetu, anaendelea, ya kwake nitayaeleza humu. Sijapiga simu kwa sababu kwenye simu nilikudanganya, na nikisikia sauti yako nitadanganya tena.

Dada, daraja halikuvunjika. Nilikwambia Mayu alichelewa kufika hospitali kwa sababu maji yalisomba daraja. Daraja lipo, malori yanapita mpaka leo. Aliyemchelewesha ni mimi.

Gari lile unajua lilikotoka. Ng'ombe wa mahari yako walikuwa wa kunioza mimi, ndivyo ilivyo kwetu, lakini nikaomba wauzwe nipate gari kuukuu nije nalo Mpanda nifanye teksi. Ukakubali. Ulisema mke atasubiri, bora Mayu akizidiwa huku Kasansa kwa baba mdogo awe na mtu wa kumbeba. Maneno hayo nayakumbuka kama ulivyoyasema.

Sasa sikia nilichofanya. Hapa mtaani Shanwe, Mpanda, ninapoishi, wenzangu wa teksi wameshusha magari yao mpaka yanakaribia kugusa lami, na watu wa harusi huchagua hayo. Langu lilikuwa limesimama juu kama kuku wa miguu mirefu, wakawa wananitania kila nikipaki. Kiangazi cha mwaka jana nikanunua seti ya shokapu za bei nafuu, zile ambazo springi zake zimekalia ringi ya kuzungusha. Fundi akanionyesha: zungusha ringi kwa spana upande huu, gari linashuka; upande ule, linapanda. Mjini unashusha, ukienda kijijini unapandisha, kazi ya nusu saa. Nikajiona nimepata magari mawili kwa moja.

Springi za zamani nilizipeleka Kasansa mwenyewe. Baba mdogo alifurahi, kwa kuwa chuma chake ni kizuri, akampa mfua vyuma akazifua zikawa visu. Kimoja akapewa Mayu cha kukatia viazi. Safari ile sikupandisha gari, nilikwenda nikikwaruza njia nzima, ila ardhi ilikuwa kavu nikapita. Mayu alilizunguka akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema ng'ombe wa Kabula wamezaa gari lenye adabu, linapiga magoti kusalimia wakubwa kama binti wa Kisukuma. Nilimpakia tukazunguka kijiji, na wakati wa kushuka ilibidi nimvute kwa mikono miwili.

Zile ringi sikuzigusa tena. Vumbi likaingia kwenye nyuzi za skrubu, mimi kila Jumamosi naosha gari ling'ae, maji na vumbi vikashikana, kutu ikamalizia kazi.

Mvua zilipokolea, asubuhi moja baba mdogo akapiga simu. Mayu alikuwa akiwasha moto, akaanguka. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Kituo cha afya wamesema awahishwe Mpanda, na gari la wagonjwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Lakini kulikuwa na lori la mpunga linaondoka muda ule ule, na dereva amekubali kumchukua. Baba mdogo akaniuliza wampakie?

Nikamjibu, "Msimpandishe Mayu kwenye magunia. Subirini, nakuja na gari lake."

Nilisema kwa mapenzi na nilisema kwa majivuno, vyote viwili. Nikapiga jeki, nikatia spana. Ringi hazikugeuka. Nikamwita fundi, tukamwaga mafuta ya taa, tukagonga kwa nyundo, saa nzima ikaisha. Akaniambia zimeshikana, dawa yake ni kuzikata na kurudisha springi za zamani. Springi za zamani zilikuwa visu Kasansa. Nikaondoka gari likiwa chini vile vile.

Pale Sitalike nilipishana na lori la mpunga likielekea Mpanda, nikajua ndilo lile. Dereva alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Nilipoacha barabara kuu Kibaoni nikakuta udongo mweusi umelowa, na matrekta yamechimba njia mifereji miwili mirefu. Sikufika mbali. Tumbo la gari likakaa juu ya tuta la katikati, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Nilichimba kwa mikono, dada, nikilia kama mtoto. Mwisho nikampigia baba mdogo nikamwambia nimekwama. Hakuuliza nimekwamaje. Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamlaza Mayu juu ya godoro, wakaja mwendo wa ng'ombe kwenye matope yale. Walipofika, ng'ombe wale wale wakafunguliwa wakalivuta gari langu kinyumenyume mpaka pakavu.

Tuliingia hospitalini jioni. Daktari akauliza ugonjwa ulianza saa ngapi. Baba mdogo akasema asubuhi, wakati wa kuwasha moto. Daktari akatazama saa yake, akaandika, akasema angefika mapema wangekuwa na mengi zaidi ya kujaribu. Hakumlaumu mtu. Mimi nikatoka nje nikakupigia, na ndipo likanitoka hilo la daraja. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu, alisikia yote. Nilipokata simu akaniambia, "Nyie ni watoto wa tumbo moja. Utamwambia mwenyewe, mimi simo."

Miezi miwili imepita hajaligusia tena. Afadhali angenichapa.

Mayu sasa yuko kwangu hapa Shanwe ili awe karibu na kliniki. Anatembea akishika ukuta. Mkono wa kulia bado umelala, na maneno yanamtoka kwa shida, mengi hayaeleweki. Fundi alizikata zile shokapu, akafunga nyingine za kawaida zilizotumika pamoja na springi zake, gari limesimama juu kama zamani. Mayu anaingia na kutoka bila kuvutwa. Watu wa harusi hawaniiti tena, na kila nikiliona naona aibu.

Sikuombi useme yamekwisha. Najua ulitoa kitu chako, ukataka jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililonishinda. Ukitaka kunitukana piga simu, nitasikiliza mpaka umalize. Ila mtoto akikomaa kidogo, njoo umwone mama yako.

Msalimie sana shemeji, umwambie yeye ukweli huu pia, maana uongo ule aliusikia. Wasalimie wapwa zangu, na bibi mzaa mama, ila yeye usimsomee barua hii. Baba mdogo anawasalimu.

Barua hii inakuja na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vya kukausha, nimemkabidhi kondakta wa basi. Mayu aliikata mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kwa kile kisu cha springi. Siku ya kwanza nilitaka kumpokonya nikiogopa atajikata, akakikumbatia kifuani. Vipande vingine vimetoka vinene, vingine vyembamba kama karatasi, havitaiva pamoja, usivichambue. Nilimuuliza anamkatia nani viazi vyote hivyo. Alihangaika na mdomo muda mrefu, nikadhani ameacha, halafu akasema, "Kabula." Alilitamka lote, sawasawa. Ndilo jina la kwanza kumtoka tangu siku ile.

Langu hajalisema bado.

Mdogo wako,
Masanja