Uzi wa Nyavu Jaladani

Jumamosi jioni.

Uzi wa nyavu! Kitabu cha katuni nilichokitafuta miaka yote, toleo pekee lililonipungukia, Mama Beya, muuza vitabu wa Lubunga ng'ambo ya mto, amekitoboa jalada kwa sindano.

Juzi kilikuwa safi kama kipya. Wanunuzi wa Kinshasa wamezoa vingine vyote na kupandisha bei mara tatu. Nilimwomba aniwekee hiki kimoja tu.

“Papa Mwalimu, usikasirike. Nilikishona muzuri, makaratasi isitoke. Bei iko ileile. Uzi, bon, nakupa bure.”

Bure! Nililipa, nikapanda mtumbwi nikiwa nimefura. Katikati ya mto nikakifungua. Upepo ulizivuta kurasa kwa nguvu, hata moja haikung'oka.

Bado nimekasirika. Nimekisoma mara mbili.