Rodion Arkhipovich, Uliyekuwa Ukituaga Unakwenda Vologda

Mwaka umetimia, Rodion, tangu utuache theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Haya tunayoyaandika tuliambiwa na Nazar, naibu wako kikosini, siku ya arobaini yako. Wewe mwenyewe hukutuambia kitu, na hilo linatukera mpaka leo.

Jeshini ulikuwa kamanda wa kikosi maalumu cha Kisovieti. Nyumbani ulikuwa mtu wa kutia matango chumvi, kuwashonea watoto vifungo, na kulala uso umeuelekeza mlangoni. Kila safari ulikaa kwanza juu ya begi lako, kimya kidogo, kama desturi yetu, kisha ukasema, "Nakwenda Vologda," mji wa baridi kule kaskazini. Ukarudi Januari umebabuka kwa jua.

"Huko Vologda kuna jua hivyo wakati wa theluji?" mkeo Klavdia alikuuliza.

"Kali mno, mke wangu. Wenyeji wanalia."

Ulicheka peke yako. Yeye akakupaka maziwa mgando puani.

Kisha ukavuliwa ukamanda, ukapewa stoo ya mahema. Kwenye foleni ya mkate majirani wakanong'ona, "Vodka hiyo." Klavdia akakusihi, "Baba Gleb, nipe neno moja tu niwajibu."

"Waache, hawana kazi."

Miaka ishirini alingoja neno hilo. Ukaondoka nalo!

Siku ya arobaini Nazar alikula chapati za maji, akaaga, akakaa mlangoni kidogo kabla ya safari. Badala ya kuinuka, akalia.

"Shemeji, mumeo hakuvuliwa kwa ulevi. Tulibaki majeruhi wawili mlimani, huko kwenye vita vya siri alivyoviita Vologda. Akaamriwa apande helikopta na wenzake, atuache. Akazima redio, akaturudia kwa miguu. Tulitoka hai sote, adhabu akaibeba yeye."

"Nawe ukangoja afe ndipo useme?"

"Alitukataza, shemeji. Wewe uliwahi kumbishia ukamshinda?"

"Nimembishia maisha yangu yote!" Klavdia alisema, akampiga Nazar kwa kitambaa cha meza, kisha akamkumbatia.

Mwanao Gleb amebisha hodi katika ofisi za jeshi hadi amechoka, akiomba jina lako lisafishwe. Anajibiwa kwamba habari hizo ni siri. Siri kwa nani tena, nawe uko kaburini? Basi tunasema hapa, na wale wa foleni ya mkate wasome: Rodion Arkhipovich alivuliwa cheo kwa kuwarudia watu wake.

Unakumbukwa na mkeo Klavdia, ambaye maswali hayajamwisha; na wanao Gleb na Taisia; na mjukuu wako Yefim, anayekalia begi lake la shule kila asubuhi kabla ya kutoka; na Nazar, ambaye sasa huja kila Jumapili.

Hutatutoka moyoni. Lala, Baba Gleb. Upe mlango mgongo kwa mara ya kwanza, ulale. Mlangoni tupo sisi.