Somoe, Hawa Amepata Kigari

Somoe mwanangu,

Usicheke mwandiko. Naandika mwenyewe, sikumtuma mtu. Si wewe uliyenisukuma niende kisomo? Ukasema, "Mama, utawapa watu siri zako mpaka lini ili wakuandikie barua?" Basi nimejifunza. Barua yangu ya kwanza ndiyo hii, na sijui pa kuipeleka. Nitaikunja niiweke kwenye sanduku la nguo zako.

Hawa mzima. Naanza na hilo maana najua ndilo unalolitaka. Ana miezi mitano, anakunywa maziwa ya kopo mpaka chupa inalia, na paji la uso ni lako, limebandikwa. Baba yake alimpa jina la mama yake wa Ujiji, kama mlivyokubaliana. Sikunung'unika. Kidogo tu.

Sasa nikueleze lililonitoa jasho. Bega langu unalijua, lile nililoangukia kisimani. Nilikuwa nakuambia limepona. Nilikudanganya, mwanangu, ulikuwa na tumbo kubwa, sikutaka uanze kunitekea maji. Mkono wa kulia hauna nguvu mpaka leo. Nikimfunga Hawa mbeleko, fundo linalegea kwa sababu mkono mmoja hauvuti. Mwezi uliopita natoka naye kliniki kumpima uzito, nikamsikia anateleza mgongoni. Nilimdaka mguu, Somoe. Mguu mmoja, kichwa chini, kama kuku wa sokoni. Hakuumia. Mimi ndiye niliyekaa chini katikati ya njia.

Mumeo akasikia. Mtwara hii nani haambiwi? Alikuja jioni akitoka bandarini, akakaa barazani kanipa ubavu, anatazama barabara. Unajua mimi na yeye hatutazamani usoni, mkwe ni mkwe. Tangu uondoke tunazungumza kupitia kwa mtoto. Akampakata, akamwambia taratibu, "Hawa, bibi yako amechoka. Labda twende Ujiji. Kule kwa mama migongo iko mingi."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata la kumjibu. Mtoto ni wake, jina ni la mama yake, na mimi nimeshamwangusha nusu. Nikaona nyumba hii bila Hawa, chupa yake imekauka dirishani. Nikasema, sijui hata neno lilitoka wapi, "Hawa, mwambie baba yako mbona Wazungu hawabebi? Si wanasukuma?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tukuzike. "Hawa, mwambie bibi Jumamosi twende tukatazame vigari."

Hapo nikakukumbuka. Ulikuja siku moja umechangamka, umekiona kigari cha mtoto kule Shangani, unanionyesha kwa mikono kinavyonesanesa. Mimi nikakuziba mdomo. Mtoto hajaja hanunuliwi kitu, kisirani hicho! Ukanitii. Hatukununua hata kofia. Tuliogopa kila kitu, mimi na wewe, tukafuata kila mwiko, na bado ukaenda. Sikujua kama ningeishi kwenda kununua kigari bila wewe.

Jumamosi tukaenda duka la mjini, yeye mbele amembeba Hawa, mimi nyuma. Kilikuwapo kimoja kipya, cheupe, kina maua ubavuni, magurudumu madogo kama visahani. Mumeo akakipenda hapo hapo. Nilimwelewa. Hataki watu waseme yatima wake amepewa kikuukuu. Lakini mimi nilikuwa natazama yale magurudumu na nafikiria mchanga wa kwetu Likombe. Na mkwe humbishii. Nifanyeje? Nikatoka nje, nikanunua mafungu mawili ya mihogo kwa kina mama wanaouza pale, nikapima mikononi mpaka uzito ukawa kama wa Hawa. Nikarudi, nikailaza mihogo ndani ya kigari kipya.

Mwenye duka akaruka. "Mama! Hilo si toroli!"

"Nakijaribu, baba. Nyanya hazibinywi?"

Juu ya sakafu kiliteleza kama samli. Nikakisukuma nje mpaka mchangani. Hatua tatu, magurudumu ya mbele yakazama, kigari kikapiga magoti, mihogo yote ikamwagika chini. Wale kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mama Somoe, mjukuu wako kageuka muhogo?" Mwingine naye, "Muokote basi, asije akala mchanga!"

Mimi nikacheka nao. Kisha nikamwona mumeo. Alikuwa anaitazama ile mihogo chini, na Hawa amembana kifuani. Nilidhani nimeshinda, kumbe nimejikaanga. Tulipoondoka akasema juu ya kichwa cha mtoto, "Hawa, naona nimwandikie bibi wa Ujiji." Siku ile sikula. Nilikaa nikazikunja nepi zake, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Ila mmoja wa wale wacheshi akanifuata nyumbani kesho yake, akasema, "Shoga, hapa kwetu Magomeni kuna mke wa mwalimu, wana uhamisho, anauza kigari alichoachiwa na Mzungu. Magurudumu kama ya baiskeli." Nikaenda mwenyewe kwanza. Kikuukuu kweli. Rangi ya buluu imebanduka, turubai lake lina kiraka, kinalia kama panya. Lakini magurudumu makubwa, Somoe, na breki inashika, na lile kapu la juu linachomoka zima zima, unamwingiza mtoto ndani amelala bila kumwamsha. Mke wa mwalimu akaniambia, "Mama, chukua, watoto wangu watatu wamelelewa humu, hakijamwangusha mtu."

Nikamwita mumeo. Nikaweka mihogo. Yeye akambeba Hawa, akanifuata nyuma kutoka Magomeni mpaka kwangu, kama askari na mfungwa. Nilisukuma kwa mkono wa kushoto na kifua. Watoto wa njiani wakaimba wanayoimba, nikawaacha. Kwenye ule mchanga mzito, kabla ya kufika kwangu, kikagoma. Nikasikia hatua za mumeo zinakaribia. Nikasema bila kugeuka, "Hawa, mwambie baba yako asikiguse."

Akasimama.

Nilikuwa natweta. Nikakukumbuka ulivyokuwa mgongoni mwangu njia ya Nanyamba, tukienda kwa bibi yako, kila baada ya hatua mbili unauliza, "Mama, tumefika?" Nami nakudanganya, "Tumefika, lala." Umelala sana kwa uongo ule. Basi nikaiambia ile mihogo kwa sauti, "Tumefika, lala." Nikakizunguka kigari, nikakishika kwa mbele, nikaanza kukivuta kinyumenyume badala ya kukisukuma. Kikaja. Polepole, kinalia panya wake, lakini kikaja, na hata muhogo mmoja haukudondoka.

Tulipofika uani mumeo akainama juu ya kigari. Akaitoa mihogo mmoja mmoja, akaipanga ukutani. Akafuta ndani kwa leso yake ya mfukoni. Kisha akamlaza Hawa mle ndani, mwenyewe, kwa mikono yake. Akainua uso akanitazama. Mimi, mama mkwe wake! Akasema, si kwa mtoto, kwangu, "Mama, mtoto abaki kwako." Nilijifunika uso na kanga, sijui kwa haya au kwa kulia, yote yalikuja pamoja.

Sasa kliniki tunakwenda kwa kigari. Wanaocheka wanacheka, wawili wameshakuja kukiazima. Mbeleko bado naifunga, lakini nikiwa nimekaa katikati ya kitanda, hawezi kuanguka kokote. Nataka aujue mgongo. Ananilowesha mate shingoni kama wewe.

Liko jambo moja sijamwambia mtu. Mama yake mumeo alituma barua, nikaisoma mwenyewe, herufi moja moja. Hakulalamika kwamba mtoto amebaki kwangu. Aliuliza tu, "Ana nywele za namna gani?" Nikalia, mwanangu, maana na mimi ningeuliza hivyo hivyo. Nimempata huyu mtoto, na mwanamke mwingine huko mbali amemkosa.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Hawa akianza kutembea vizuri, nitampeleka Ujiji mimi mwenyewe. Mimi ambaye safari zangu zote ziliishia Lindi. Naogopa meli, naogopa treni, naogopa hata kuuliza njia Dar es Salaam. Nitaogopa hivyo hivyo na nitakwenda, nimweke mapajani kwa yule bibi mwenye jina lake, akae ashibe kumtazama, kisha turudi wawili. Na njiani nitamwambia habari zako zote, hata zile za utundu.

Pumzika, Somoe wangu. Mungu akuweke mahali laini. Kaamka huyu, anapiga miguu, acha niende.

Mama yako