Paka Hakuwa na Kosa

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na usingizi unakuja. Sisi huku wazima. Nasema sisi kwa sababu siko peke yangu, kama ulivyokwisha kusikia.

Najua kitindamimba wako amekufikishia yake, kwamba nimemwibia mtoto. Sikiliza na yangu.

Mwanao huyo hupiga rangi magari. Kule gereji haingii chumba cha rangi bila barakoa, na aliwahi kumfokea mteja aliyechungulia pua wazi. Huko mapafu ni mali. Akifika nyumbani anafunga madirisha, anampakata mtoto wa miaka mitatu na kuvuta sigara yake ya umeme mpaka runinga haionekani. Nikimsema, anajibu kuwa ni mvuke tu, kama wa birika la chai, tena unanukia zabibu. Sijapata kuona birika likimkohoza mtoto usiku kucha.

Mchawi wa kikohozi akatafutwa kila mahali. Zulia likatolewa. Godoro likabadilishwa. Paka akafukuzwa, maskini, ambaye hajawahi kuwasha kitu. Hospitalini, nilikowasindikiza, daktari alipouliza kama nyumbani yupo anayevuta, fundi wetu akajibu bila kupepesa macho kwamba hakuna. Kidude chake cha kuvutia kilikuwa kinachungulia mfukoni mwa shati lake. Nilimwonyesha daktari kwa kidole. Tulipotoka akaniambia mimi sijazaa, nisimfundishe kulea. Nikamjibu kuwa hilo halihitaji uzazi. Hata yule paka alikuwa akitoka nje kila yeye akianza kuvuta.

Nawe umeniagiza nimrudishe mtoto, ukisema marehemu Baba alivuta na sote tukakua. Ni kweli, tulikua. Baba mwenyewe hakuzeeka.

Sasa lile ambalo hakukuambia. Mimi sikumchukua mtoto. Mkewe ndiye aliyemleta, mchana kweupe, na begi lenye nguo za wote wawili. Alimwambia mumewe akitupe kile kidude, ndipo awafuate. Hii ni wiki ya pili. Jana mwanao alipiga simu, tukadhani amezinduka. Hakuuliza kifua cha mtoto. Aliuliza chaja ya kidude chake iliwekwa wapi.

Mkweo anakuamkia. Mjukuu wako amelala, kifua kimetulia. Habari za kumrudisha usiniulize mimi. Mwandikie mama yake, anwani ni hii hii.

Nakutakia afya njema.

Ni mimi, binti yako mkubwa.